Bahari Inapopanda Mlimani

Asubuhi za masika mlima hauonekani. Watu wa mjini Moshi huamka, hutazama juu, huona ukungu mtupu, kana kwamba kuna mtu amekuja akauhamisha mlima wa Kibo wao wakiwa wamelala. Elinipendo aliishi ndani ya ukungu huo huo, nusu ya njia ya kwenda msituni, na yeye aliona kinyume chake. Kwake mlima ulikuwepo, pale pale nyuma ya nyumba. Kilichopotea ni mji.

Kila alfajiri alibeba kibuyu chake, akapita katikati ya migomba inayodondosha umande, akaenda kuchota maji kwenye mfongo. Mfongo ni mfereji. Mababu waliuchimba zamani, wakayatoa maji mtoni kule juu karibu na msitu, wakayaongoza ubavuni mwa mlima mpaka yakafika vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba na kahawa ambamo kila ukoo unaishi. Maji yalipita taratibu, yakinong'ona. Elinipendo alipenda kusimama pale na kufumba macho. Akifumba macho, mnong'ono ule ulikua, ukapanuka, ukawa bahari.

Bahari yenyewe hajaiona hata siku moja. Mumewe, Ndelilio, aliwaambia jirani kwamba mke wake ana miguu kihambani na kichwa Tanga. Jirani walicheka, na Elinipendo akacheka pamoja nao, maana ilikuwa kweli.

Aliyemletea bahari ni rafiki yake Mwantumu. Huyu alikuwa mshonaji wa nguo, mzaliwa wa Tanga, akikaa Rau pembezoni mwa mji na mumewe Sadallah, aliyefanya kazi stesheni ya reli. Siku za soko Elinipendo alishuka na ndizi zake, akazipanga chini mbele ya kibaraza ambapo Mwantumu aliweka cherehani. Wakati wateja hawapo, walizungumza. Marehemu baba yake Mwantumu alikuwa mtu wa bandarini. Kazi yake ilikuwa kupandisha bendera za kuwaonya mabaharia kwamba tufani inakuja. Mwantumu alipokuwa mdogo alimfuata baba yake kila mahali akimchosha kwa maswali, ndiyo maana alijua mambo ya pepo na mawingu vizuri kuliko mambo ya jikoni. Wali wake uliungua mara kwa mara, na Sadallah alikwisha kuzoea.

Mwaka huo, enzi za Mwingereza, masika yalichelewa. Mwezi wa tatu ulikuwa unakwisha na vumbi bado lilikuwa njiani. Kila mtu alishikilia zamu yake ya maji kama mtoto anavyoshika kipande cha muwa. Mkuu wa mfongo alikuwa mzee Eliufoo, ambaye wote walimwita Mmeku, kwa heshima ya umri wake. Yeye ndiye aliyepanga nani achukue maji siku gani. Na yeye ndiye aliyelinda banio.

Banio ni mahali maji yanapotoka mtoni na kuingia kwenye mfereji. Hujengwa kwa mawe, udongo na magogo ya migomba. Kulifungua au kulifunga ni kazi ya wanaume peke yao. Mwanamke aliruhusiwa kuchota maji ya mfongo, kufulia na kunyweshea ng'ombe, lakini banio hakuligusa hata kwa kidole. Akiligusa, walisema, maji yatakasirika na kurudi yalikotoka. Hakuna aliyewahi kuona maji yakirudi yalikotoka, lakini pia hakuna mwanamke aliyewahi kuligusa, basi jambo likabaki hivyo.

Zamu ya Ndelilio ilipofika, alifurahi sana. Ulezi wake ulikuwa umenyauka. Aliyaacha maji yatiririke mchana kutwa. Alasiri, wingu jeusi lilikaa juu ya msitu, zito, halisogei. Elinipendo alilitazama, akamwambia mumewe labda afunge banio. Ndelilio alimwonyesha jua lililokuwa linawaka juu ya kihamba chao.

"Nifunge maji wakati jua linaniunguza kichwa?" alisema. "Watu watanicheka mpaka kanisani."

Basi banio likabaki wazi. Haikuchukua muda, kukasikika ngurumo, na haikutoka mbinguni. Ilitoka mtoni. Huko juu msituni mvua kubwa ilikuwa imenyesha kwa saa nyingi, na maji yake yote yalikuwa yanashuka kwa pamoja, mekundu, na mawe ndani yake. Mto uliyabeba mengi. Mengine yakaona mlango uko wazi, yakaingia kwenye mfongo.

Chini kidogo ya mahali mfongo unapopinda palikuwa na nyumba ya nyasi, ya mviringo, ya mama yake Ndelilio. Jina lake Ndeshukurwa. Alikuwa bibi mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Maji yalipofika kwenye ile kona yalishindwa kupinda. Yalibomoa ukingo, yakashuka moja kwa moja, yakachukua banda la mbuzi na mbuzi wake, yakachukua sehemu ya ukuta wa jiko, yakapita mlangoni pa bibi yakiacha tope linalofika magotini. Ndelilio alimtoa mama yake akiwa amembeba mgongoni. Alilia njia nzima, mwanaume mzima, na hakujificha. Na juu ya kihamba, jua lilikuwa bado linawaka.

Baadaye watu walisema mengi. Wengine walisema mlima umekasirika. Mmeku Eliufoo aliuliza kama kuna mwanamke aliyekwenda karibu na banio. Bibi Ndeshukurwa alirudi kwenye nyumba yake tope lilipokauka, akakataa kuhama. Mume wake alizikwa katika kihamba kile, hatua chache kutoka mlangoni, naye hakuwa tayari kumwacha peke yake na ukungu. Elinipendo aliitazama ile kona ya mfongo, akatazama nyumba ya bibi chini yake, akaogopa. Tangu hapo kila alipofumba macho mfongoni, bahari aliyoisikia haikuwa ya kunong'ona tena.

Mwantumu alipanda mlima kuja kuwapa pole. Alifika akihema, ameshika viatu mkononi, amebeba kanga mpya kwa ajili ya bibi. Alimwamkia bibi shikamoo, bibi akaitika marahaba, akamkaribisha karibu na moto ambapo chungu cha kiburu, ndizi na maharage, kilikuwa kinachemka chini ya majani ya mgomba. Mwantumu akaeleza kwamba maji yale yale yaliyochukua mbuzi wao yalifika kwake Rau jioni ile, yakaingia uani, yakaondoka na kuku wake na beseni la nguo za watu. Kisha yakaendelea kushuka kuelekea nyanda za Kahe. Watu wa huko chini nao hawakuwa wameona hata tone la mvua.

"Mvua ya kwetu ilinyesha kwa nani, basi?" aliuliza bibi.

"Ilinyesha msituni, bibi. Lakini ilianzia baharini."

Bibi alimtazama mgeni kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Alisema mvua hutoka mlimani. Kila mtoto anajua hivyo. Mawingu hulala msituni, huamka, hunyesha. Bahari iko mbali, safari ya treni mchana na usiku, nayo ingepandaje huku? Isitoshe, Ndelilio alimwambia maji ya bahari yana chumvi. Mvua haina chumvi. Bibi alikunja mikono yake, akaona amekwisha kushinda.

Mwantumu hakubishana. Aliomba sahani ya bati. Akaitumbukiza kwenye mtungi wa maji ya baridi, akaipangusa vizuri kwa kanga yake, akafunua majani ya chungu, akaishika sahani juu ya mvuke. Punde upande wa chini wa sahani ukajaa matone. Yakaungana, yakawa mazito, yakaanza kudondoka.

"Kiburu hiki kimetiwa chumvi?"

"Tele," alisema Elinipendo.

"Bibi, onja tone hili."

Bibi alionja. Alionja lingine. Halikuwa na chumvi. Mvuke, Mwantumu akasema, hupanda peke yake na kuiacha chumvi chunguni. Bahari nayo ndivyo ilivyo. Jua huipasha joto mchana kutwa, na maji hupanda hewani bila mtu kuyaona. Chumvi hubaki baharini.

Elinipendo alisogea karibu. Aliuliza tufani hutokeaje, ile ambayo bendera za marehemu baba yake ziliwaonya mabaharia kuihusu.

Mwantumu aliweka sahani chini. Alieleza polepole, maana alipenda kueleza, na mara nyingine alisimama na kutazama moto kana kwamba anamwona baba yake humo. Hewa yenye joto ni nyepesi, alisema, hupanda kama mvuke huu. Inapopanda, huacha nafasi, na hewa nyingine hukimbilia kuijaza nafasi hiyo. Hewa inayokimbia ndiyo upepo. Sasa basi, miezi hii ya nne na ya tano, nchi za mbali za kusini huingia kwenye majira yao ya baridi. Hewa ya huko ni ya baridi na nzito. Husukumwa kuja kwetu, nayo huitwa upepo wa kusi. Lakini bahari ya pwani yetu bado ina joto la kiangazi. Hewa nzito ya baridi huingia chini, hewa nyepesi yenye joto na mvuke hurushwa juu. Hapo mawingu hujengeka, marefu kuliko mlima. Kadiri tofauti ya baridi na joto inavyokuwa kubwa, ndivyo tufani inavyokuwa kali. Na kwa sababu dunia yenyewe inazunguka, upepo ule hauendi moja kwa moja. Huzunguka, kama mbege, ile pombe ya ndizi, unayoikoroga kwenye kata.

"Mbege naijua," alisema bibi.

"Najua unaijua, bibi."

Walicheka wote watatu. Kisha Mwantumu akasimulia tufani ya utotoni mwake. Anga lilikuwa la rangi ya shaba tangu asubuhi, na hewa haikutikisika. Baba yake alipandisha bendera. Walioiheshimu walivuta vyombo vyao pwani na kuhamia sehemu za juu. Waliosema kuwa jua linawaka walibaki. Mawimbi yalikuja mpaka mitaani, minazi ikalala chini, mapaa yakaruka. Asubuhi yake bahari ilikuwa tulivu, imejaa majani na viatu vya watu.

"Na baada ya hapo tufani huenda wapi?" aliuliza Elinipendo.

Hapo ndipo penyewe. Ikifika nchi kavu, Mwantumu alisema, upepo wake huchoka, maana hakuna tena bahari ya joto ya kuulisha. Lakini mvuke wake bado ni mwingi. Husafiri nao bara, juu ya mkonge na mbuga, hadi ukutane na ukuta. Ukuta huo ni Kilimanjaro. Upepo hauwezi kupenya mlima, hivyo hulazimika kuupanda. Kadiri unavyopanda, hupoa. Ukipoa, mvuke hugeuka kuwa maji, kama kwenye sahani ile. Ndiyo maana mvua hushuka kwa wingi msituni, hata kama kihambani jua linawaka na mjini watu wanaanika nguo.

"Mlima ni sahani," alisema Elinipendo taratibu.

"Na ninyi mmekaa chini yake na mlango wazi," alisema Mwantumu.

Kabla ya kushuka, aliwaachia dalili. Hewa ikiwa nzito na tulivu isivyo kawaida, kisha upepo wa kusi ukaanza kwa ghafla. Wingu jeusi likikaa juu ya msitu bila kusogea. Maji ya mto yakianza kubadilika rangi, yakileta majani mabichi na vijiti, au yakipungua ghafla, maana pengine mti umeanguka na kuyazuia huko juu, na yatakapouondoa yatakuja yote. Mtu akiona dalili hizo, afunge banio mapema, ili maji yote yafuate njia yake ya mto. Asingoje kuona mvua kwake. Walio bondeni wahame, wapande kwenye mgongo wa kilima. Na mtu asivuke mto hata kama jua linamchekea. Mwisho aliahidi kwamba treni ya Tanga ikifika imelowa na habari mbaya za pwani, atawaambia akina mama wa sokoni, nao watapandisha habari.

Jioni ile Elinipendo alimweleza mumewe yote. Ndelilio hakucheka. Tangu siku ya mafuriko alikuwa amepunguza kucheka. Alikwenda kwa Mmeku Eliufoo, akakaa naye sana, akarudi na jibu. Mmeku amekubali: dalili zikionekana, banio lifungwe, hata kama ni zamu ya mtu. Lakini litafungwa na wanaume.

"Na wanaume wasipokuwepo?" aliuliza Elinipendo.

"Nilimuuliza. Alisema wanaume wapo siku zote."

Elinipendo aliendelea kumenya ndizi. Akawaza kwamba tangu aolewe, wanaume walikuwepo siku zote isipokuwa siku walizohitajika. Hakusema kwa sauti, kwa kuwa Ndelilio alikuwa amejitahidi.

Masika yakaingia kweli. Ukungu ulikaa siku nyingi, na kila kitu kikawa laini na cha karibu. Sauti za watu zilitoka kwenye migomba bila watu wenyewe kuonekana. Nyakati hizo Elinipendo alitembea kama aliye ndotoni. Aliunyoosha mkono kwenye ukungu, akauona umelowa, akawaza: hii nayo ni bahari. Imetembea njia yote kutoka Tanga, imepita bila tiketi, imefika kihambani kwangu. Aliipenda na kuiogopa kwa wakati mmoja.

Mwezi wa tano, siku moja ya soko, wanaume wote wa mtaa waliitwa kwenye baraza la mangi, chifu wao, ng'ambo ya mto, kusikiliza kesi ya mipaka. Waliondoka asubuhi wamevaa makoti. Mmeku alitangulia na fimbo yake. Elinipendo hakushuka sokoni siku hiyo kwa sababu bibi alikuwa na homa.

Ukungu uliinuka mapema kuliko kawaida. Jua likatoka, kali, na hewa ikasimama. Jani la mgomba halikutikisika. Saa sita ilipopita, jirani yake Anaeli, mmoja wa akina mama wa sokoni, alipanda kutoka mjini mbio mbio, ndizi zake zikiwa bado kichwani, hakuziuza hata moja. Alisema Mwantumu amemtuma. Treni ya Tanga imefika asubuhi imechelewa sana, mabehewa yamelowa, turubai zimechanika. Mafundi wa reli walisema pwani hakulaliki, bahari imepanda barabarani. Ndipo upepo wa kusi ukaanza, kwa ghafla, ukageuza majani ya migomba yote upande mmoja.

Elinipendo alitazama juu. Msitu haukuwepo. Palikuwa na weusi tu.

Alikwenda kwanza kwa bibi, akamwambia inabidi apelekwe nyumba ya juu, kwa jirani. Bibi alikuwa amelala chini ya kanga ya Mwantumu, macho yanang'aa kwa homa. Alikataa. Alisema hana nguvu za kubebwa kila wingu linapopita. Elinipendo alipiga magoti.

"Mama, banio liko wazi. Wanaume wako ng'ambo. Nikienda kulifunga, nitakuwa nimevunja mwiko. Nisipokwenda, maji yatapita hapa ulipolala. Nifanye nini?"

Bibi aligeuza uso kuelekea mlangoni. Alisikiliza upepo. Alikuwa amezeeka akiwafundisha wasichana wote wa ukoo wasiliguse banio, na Elinipendo mwenyewe alifundishwa na yeye. Mwishowe aliomba ashikwe mkono. Alitembea kwa magoti yake mabovu hadi kaburini kwa mumewe, ambapo ulikua mstari wa masale yenye majani marefu, mmea ambao kwa Wachagga ni alama ya mpaka, na pia ni alama ya kuomba radhi. Mtu akipelekewa isale, hawezi kukataa kusamehe. Bibi alivunja tawi kwa mkono wake mwenyewe.

"Litie kwenye banio ukimaliza," alisema. "Mwambie Mmeku limetoka kwangu. Mimi nitakwenda kwa jirani. Sitaki ufanye kazi huku unanifikiria."

Anaeli na wengine wawili walikuwa wameshambeba bibi kumpeleka juu ya kilima. Wanawake waliobaki walimfuata Elinipendo na majembe. Walipanda kando ya mfongo. Walipofika kwenye banio walisimama. Mawe yale walikuwa wakiyaona kwa mbali tangu utoto. Mto ulikuwa mdogo, mdogo mno. Kati ya mawe palibaki vidimbwi, na samaki wadogo wakirukaruka. Elinipendo alikumbuka maneno ya Mwantumu juu ya mto unaopungua ghafla.

Aliweka jiwe la kwanza. Maji hayakurudi yalikotoka. Aliweka la pili. Wenzake wakashuka, wakakata migomba, wakaviringisha magogo, wakashindilia udongo na majani mpaka mdomo wa mfongo ukafunga kabisa. Walifanya haraka. Kisha Elinipendo alichomeka tawi la isale kwenye udongo mbichi, akawaamuru wote wapande ukingoni, mbali na mto.

Walikuwa hawajafika mbali ngurumo ilipowapita. Mto ulishuka ukiwa ukuta mwekundu wenye miti mizima ndani yake. Uligonga banio, ukaruka juu yake kidogo, ukatafuta mlango. Mlango haukuwepo. Ukaendelea na njia yake. Wanawake walishikana mikono wakiutazama. Elinipendo alilia, na hakujua kama ni kwa hofu au kwa furaha. Mvua ikawafikia, wakalowa mpaka kwenye mifupa.

Wanaume walikwama ng'ambo mpaka asubuhi. Ndelilio alitaka kuvuka hivyo hivyo, mto ukiwa umefurika, Mmeku akamzuia kwa fimbo. Kulipokucha maji yakiwa yamepungua, wote walivuka, na Ndelilio alikimbia hadi kwenye kona ya mfongo. Alikuta mfongo mkavu na nyumba ya mama yake imesimama, moshi unatoka kwenye nyasi za paa. Mama yake alikuwa mlangoni, anaota jua.

Mmeku Eliufoo hakuja moja kwa moja. Alipitia banio. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisimama mbele ya bibi, amevua kofia, akauliza nani alilifunga.

"Mimi, Mmeku," alisema Elinipendo.

"Na isale?"

"La kwangu," alisema bibi. "Limetoka kwa mume wangu. Unamkatalia?"

Mzee alitazama nyumba, akatazama kona ya mfongo juu yake. Midomo yake ilicheza kidogo.

"Sikuling'oa," alisema. "Nimelishindilia udongo ili lishike mizizi."

Lilishika. Mwaka ule ule watu wa mfongo walikutana na kukubaliana upya: dalili zikionekana, yeyote aliye karibu afunge banio, mwanaume au mwanamke. Wanaume walichimba njia ya kutoa maji kabla ya ile kona, ili maji yakizidi yarudishwe mtoni, na ukingo wa kona ukajengwa kwa mawe. Bibi alikubali kulala kwa jirani kila wingu linapokaa juu ya msitu, kwa sharti la kupewa mbege. Mwantumu naye alihamishia cherehani na nguo za wateja chumba cha juu kabla ya maji kufika Rau, hakupoteza hata uzi. Alipokutana na Elinipendo sokoni alimlaumu kwa kumpelekea maji yote bila kubakiza, wakacheka mpaka wateja wakaondoka.

Asubuhi za masika Elinipendo bado husimama kwenye mfongo na kufumba macho. Akirudi, hupita nyumba ya bibi. Bibi huwa ameshakinga bakuli chini ya nyasi za paa tangu alfajiri. Hulinyanyua kwa mikono miwili, huonja maji ya mvua, hufikiri kidogo, kisha humpa mkwe wake habari ya siku.

"Leo pia," husema, "chumvi wameiacha Tanga."